Ufunguo Uliokuwa Mkononi mwa Yahya

Buyenzi, baada ya swala ya Alasiri

Mwanangu Asha,

Umetoka sasa hivi kwenda Kinama kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamwachi mtu kabla hajamlisha mara mbili. Kwa hiyo nina muda hadi Magharibi. Nimeomba meza ndogo iletwe hapa uani, maana usiku macho yangu hayafai tena kitu, na mkono unatetemeka hata mchana. Ukiona mistari imepanda na kushuka, ni ugonjwa. Kichwa bado ni changu.

Sitakuandikia habari ya chandarua, wala baridi ya Gitega unakokwenda kutengeneza magari ya hospitali, wala namna ya kukaa na watu wa kazini. Unayajua hayo, na usiyoyajua utayajua kabla ya wiki kwisha. Lakini kesho asubuhi utapanda mlima na pikapu yako, na utapita kwenye ile kona iliyo chini ya Bugarama. Nimepita nawe pale mara nyingi. Kila mara unageuza uso upande wa pili, na mimi kila mara najifanya sikuona. Kesho sitaki ugeuze uso. Nataka kukueleza kaka yako Yahya alikufaje, kwa sababu habari unayoijua ni ya uongo, na aliyeitunga ni mimi.

Nitaanza na wiki iliyopita, kwa sababu ndipo niliposhindwa kuendelea kunyamaza.

Unamkumbuka yule dereva wa teksi wa Buterere, aliyekuletea gari la dizeli lenye turbo, la zamani, linalodondosha oili kila linaposimama? Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu karibu na mlango wa gereji. Ulifungua boneti na hukugusa kitu. Uliinama na tochi, ukafuata unyevu kutoka chini kwenda juu, kisha ukatoa simu ukapiga picha.

"We dada," akasema, "unapiga foto ya nini? Kuna ndoa?"

"Napiga foto mbele ya kumuosha. Akishaoga hatasema kitu."

"Lakini dirite iko imepasuka, ata mi naona! Weka ingine, niende. Watu wananingojea."

Dirite ndivyo sisi wa gereji tunavyouita ule mpira mnene unaopeleka hewa kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini. Kweli ulikuwa umepasuka mdomoni, pale chuma kinapoubana, na umelowa oili. Ukamjibu bila hata kuinua kichwa:

"Apana, papa. Dirite imelainika sababu ya oili. Si yeye anatengeneza oili. Tutafute mwenye anamuletea."

Kisha ukaosha injini, ukaikausha, ukaipaka poda ya watoto mahali pote ulipopashuku, ukatandika karatasi nyeupe chini, ukawasha, ukangoja. Mimi nilikufundisha kwamba oili inateremka, na gari likiwa mwendoni upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo pale inapodondokea si pale inapotoka. Lakini ya poda hukuitoa kwangu. Mstari mmoja mweusi ulipoanza kushuka kwenye ile poda, kutoka chini ya turbo, ulizima, ukavua mpira, ukaingiza vidole viwili ndani na kuutikisa ule mhimili mdogo wa turbo, ambao haupaswi kucheza.

"Inacheza," ukamwambia dereva. "Papa, gari haitembei leo."

"Leo? Haki ya Mungu, we ni mubaya kuliko bibi yangu!"

Mkacheka wote. Ukageuka, ukanikuta na machozi. "Baba, ni nini?" Nikasema ni moshi. Ulinitazama kidogo, ukarudi kazini. Injini ilikuwa imezimwa, Asha. Hapakuwa na moshi.

Nililia kwa sababu maneno yale, na vidole vile viwili, nilikwisha kuyasikia na kuviona mara moja kabla yako, miaka kumi na minne iliyopita, mahali palepale.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Yahya alikuwa na ishirini na minne. Alikuwa akipanda Bugarama na lile gari letu jeupe, anarudi na kabichi na viazi vya sokoni. Siku moja ya mfungo, saa kama hii, aliingia gereji akasimamisha gari, akaja kwangu akijipangusa mikono hata kabla hajashika kitu. Alikuwa na tabia hiyo alipokuwa na wasiwasi.

"Baba, inakula oili. Na ikipanda mulima inatoa moshi ya buluu."

Nikafungua boneti. Mpira wa turbo ulikuwa umelowa na umepasuka mdomoni, kama ule wa juzi. Unajua desturi yetu hapa Buyenzi: gari la mtu halirudi kwake likiwa chafu. Tunapangusa injini kwa kitambaa na petroli mpaka ing'ae, ili mwenye gari akifungua aone kazi imefanyika. Ni heshima ya fundi. Mimi niliipenda heshima hiyo kuliko wote, hata nikawa napangusa kwanza na kutazama baadaye. Siku ile nilishika kitambaa kabla ya tochi. Nilifuta kila kitu. Njia yote ambayo oili ilikuwa imeichora, kutoka ilikotoka hadi ilikofika, niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Kisha nikavua mpira. Ndani yake hamkuwa na unyevu tu. Oili ilikuwa imekaa ndani, ya kutosha kujaza kikombe cha kahawa. Niliimwaga kwenye mchanga, nikaanza kukata mpira mwingine.

Yahya akasimama nyuma yangu. Alisema polepole, wengine wasisikie:

"Baba, tuangalie kwanza ekseli ya turbo. Mi naona kama inacheza. Oili yote ile haitoki bure."

Akanyoosha mkono, vidole viwili, ili aushike ule mhimili.

Nikampiga mkono ule. Si kwa nguvu, lakini nilimpiga. Na nikasema kwa sauti ya gereji nzima: "Mutazame! Mwenye alishindwa sekondari anafundisha dizeli mutu mwenye diploma!"

Diploma ilikuwa ukutani, ndani ya kioo, mahali ilipo mpaka leo. Watu wakacheka. Mmoja akamwita "Bwana Profesa, tusaidie na sisi!" Yahya naye akacheka, kwa kuwa angefanya nini? Akautia mkono mfukoni. Nikafunga mpira mpya, nikaukaza vizuri pande zote mbili, nikapangusa tena, nikamrudishia gari linalong'aa. Kesho yake, baada ya daku na swala ya Alfajiri, alipanda mlima.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ilikuwa ni funga, kwamba kichwa kilikuwa chepesi kwa njaa, kwamba adhana ilikuwa karibu. Si kweli. Niliiona ile oili. Nilijua ina maana gani. Kama ingekuwa ni gari la tajiri mmoja wa Kiriri na mwenyewe kasimama pale na tai yake, ningelifungua hadi mwisho. Sikulifungua kwa sababu aliyesema lifunguliwe ni mwanangu, na alikuwa amesema kweli kabla yangu.

Wewe ni fundi, kwa hiyo najua umekwisha kuelewa yanayofuata. Lakini niache niyaandike, kwa sababu sijawahi kuyaandika.

Injini ya dizeli haingoji cheche. Ikipata hewa na kitu cha kuunguza, inakwenda. Turbo ikichoka, oili ya injini inapenya kwenye mhimili wake na kuingia kwenye njia ya hewa, na siku moja injini inaanza kuinywa. Ikishaanza, mguu wako hauna amri tena, na ufunguo nao hauna. Mpira wa zamani, kwa kuwa ulikuwa umepasuka, ulikuwa angalau unamwaga sehemu ya oili ile nje. Mimi niliweka mpira mzima. Niliziba pale ilipokuwa inatokea, nikaielekeza yote ndani.

Ilimkuta akiteremka na mzigo, karibu na adhuhuri.

Mwili wake uliletwa hapa nyumbani jioni ileile. Nilisema nitamwosha mwenyewe, mimi na mzee wetu wa msikiti aliyekuwa akiosha maiti wa mtaa huu. Wewe mlifungiwa chumbani na mama yako. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefumba. Nilifungua vidole kimoja kimoja, vilikuwa vimekakamaa, na ndani ya kiganja mlikuwa na ufunguo wa gari.

"Ni nini hicho?" mzee akaniuliza.

"Ufunguo wa nyumba," nikasema, nikautia mfukoni mwa kanzu.

Swichi ya gari lile ilikuwa imechakaa, unauchomoa ufunguo wakati wowote na usukani haufungi. Dereva anayekufa kwa mwendo wa kasi, ufunguo unabaki kwenye swichi. Anayeuchomoa gari likiwa linateremka ni mtu aliyejaribu kulizima na likakataa. Nilijua hapo hapo, maji yakiwa bado yanatiririka juu yake. Niliendelea kumwosha. Nilitimiza kila kitu kama sheria inavyotaka, na sikukosea hata mahali pamoja.

Siku ya tatu ya matanga alikuja mtu nisiyemjua, mwanamume mzima, mmoja wa wale wanaoshusha ndizi kwa baiskeli kutoka milimani. Alikuwa bado na vumbi miguuni. Alikataa kukaa. Nikamtoa pembeni, huku nyuma ninapoandikia sasa.

"Mzee," akasema, "mi nilikuwako. Moteri ilikuwa inalia yenyewe, moshi inafunika njia. Kijana alitoa mukono mu dirisha, anatuonyesha ufunguo, anasema: 'Mutoke! Mutoke! Imekataa kuzima!' Tulikuwa watu sita mu kona, na baiskeli zetu. Mbele yake ni sisi, kando ni bonde. Alituona. Akakata kwenda mu bonde."

Nikamwambia: "Uliona vibaya. Moshi ilikuwa mingi."

"Mzee, niliona ufunguo."

"Uliona vibaya, ndugu yangu."

Nadhani alidhani ni uchungu unaosema. Akanipa mkono, akaondoka bila kungoja futari ya matanga. Nikarudi walipokaa watu, na mjomba wako akauliza yule mtu amesema nini. Watu wote walinigeukia. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, amekushika bega.

Nikasema: "Anasema alikimbiza gari."

Asha, hayo ndiyo niliyoyafanya. Yule mtu alitembea kutoka mlimani kuniletea heshima ya mwanangu, na mimi nikaigeuza kuwa aibu kabla hajafika barabarani. Maneno matatu tu, na yametosha miaka kumi na minne.

Uliyaona yalivyofanya kazi. Mtaa wote ukasema Yahya aliponzwa na mguu wake. Mama yako, Mungu amrehemu, kila Alfajiri alikuwa akibaki kwenye msala baada ya swala, anamwombea mwanawe asamehewe kwa kuichezea roho aliyopewa. Nilikuwa nikimsikia. Nililala nimegeukia ukuta nikimsikia, kila siku, mpaka mwaka juzi. Wiki aliyokufa aliniuliza: "Baba Yahya, unafikiri aliwahi kutubu, kabla?" Nilikuwa na jibu ambalo lingemfanya aende akiwa mwepesi. Lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye," nikamrekebishia mto.

Hilo linanila kuliko mengine yote. Yahya nilimwua kwa kiburi cha dakika kumi. Mama yako nilikuwa na miaka kumi na miwili ya kumwambia.

Na wewe. Wewe ulimpenda mpaka ukashindwa kumwita jina. Ulipokuwa na miaka kumi na mitano ulisema mezani: "Yule mujinga alituacha kwa sababu ya kabichi." Mama yako akatoka nje. Mimi niliendelea kula. Uliingia kwenye ufundi kwa hasira yako juu yake, nilijua, kila breki uliyoitengeneza ulikuwa unagombana naye. Nami nilikuacha ugombane na maiti asiye na kosa, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko ugombane nami. Ukawa fundi bora kuliko mimi. Nilijivunia hilo mbele ya watu, na kila waliponipongeza nilitamani ardhi inifunike.

Sikuandikii haya ili ujifunze kutoka kwangu. Kazi unaijua. Kuna jambo moja tu la kazi ambalo sikukufundisha, kwa sababu kila nilipolianza nilihamia habari nyingine. Injini ikikataa kuzima, usiuguse ufunguo. Tia gia kubwa kabisa, kanyaga breki mpaka mwisho, achia klachi kwa ghafla, uizime kwa nguvu ya gari lenyewe. Ikiwa umesimama, zibia mlango wa hewa kwa ubao, kwa kitabu, kwa chochote, lakini kamwe si kwa mkono. Yahya hakujua. Nilifundisha vijana wa watu ufundi darasani kwa miaka ishirini, na yeye hakujua.

Mengine ni ya moyo wangu, na siyo mafundisho. Nimegundua kwamba sikuogopa jela, wala watu, wala hata mama yako. Nilimwogopa Yahya. Niliogopa kusema kwa sauti kwamba yeye alikuwa sahihi. Hata alipokuwa kaburini sikutaka kumpa hilo. Ni kitu kidogo sana, ukikitazama. Kingenigharimu kusema "hebu tuangalie," basi. Siku moja, huko Gitega, kutakuwa na mtu chini yako, asiyejua kusoma vizuri labda, atakayenyoosha vidole viwili kwenye kitu ulichokwisha kukiamua. Utakumbuka nani aliyepigwa mkono.

Daktari ameniambia nihesabu wiki, nisihesabu miezi. Sikutaka uambiwe kabla ya safari, lakini sasa nimekwisha kuanza kusema kweli na sioni mahali pa kuishia. Usiahirishe safari. Magari ya wagonjwa huko yanakungoja, na mimi nisingependa unikalie hapa kwa huruma kabla hujajua kama unataka kunikalia.

Nimezungumza na shehe wetu. Kesho ni Ijumaa. Baada ya swala nitasimama, au watanishika nisimame, na nitasema mbele ya watu walewale waliokaa matanga kwamba mwanangu hakukimbiza gari, kwamba alilipeleka bondeni kwa kujua, ili watu sita wafike kwao, na kwamba gari nililiharibu mimi. Nilitaka wewe ulijue leo, kutoka kwangu, usije ukapigiwa simu na mtu ukiwa njiani. Pumzi ikinishinda, barua hii ni yako, isomwe na mtu yeyote utakayemchagua.

Sikuombi msamaha leo. Nimeuandika mara mbili na kuufuta mara mbili, na nimeona kwamba kufuta ndiko kulikonileta hapa. Tutaona. Nina wiki chache, nawe una simu. Lakini kuna mtu mwingine wa kuombwa radhi, na huyo simu haimfikii. Kesho, kabla ya kuingia barabara kuu, pitia makaburini. Mwite kwa jina lake. Mwambie baba amesema. Na ukifika kwenye kona, simama kidogo upande wa mlima, utazame chini. Watu wa baiskeli bado wanapita pale na ndizi zao. Huenda mmoja wao ni yule.

Chini ya kiti cha pikapu yako, upande wa dereva, nimemwomba jirani aweke usiku wa leo kopo la maziwa ya unga. Ndani mna ufunguo. Mna pia mpira wa zamani wa turbo, ule uliopasuka. Niliukuta kwenye kona ya gereji wiki moja baada ya mazishi, pale nilipoutupa. Nimeuficha miaka yote hii katika kitambaa cha mama yako. Hukuwepo siku ile, hukuniona, na huna sababu ya kuniamini kwa neno, mimi niliyekudanganya tangu utoto. Kwa hiyo usiniamini. Utazame mwenyewe, kama ulivyolitazama gari la yule wa Buterere. Tia vidole viwili ndani. Oili imekauka ikawa kama lami, lakini ipo, na utajua ilitoka wapi, na utajua kwamba yeyote aliyeushika mpira huu mkononi alijua pia.

Nasikia pikapu yako inakata kona ya msikiti. Naijua, mlio wake ni safi, turbo yake inapiga mluzi mwembamba bila kutetemeka. Umeitengeneza vizuri, mama yangu. Ngoja nikunje karatasi hizi kabla hujafungua geti.

Ule mpira, Asha. Ni mchafu, utakuchafua mikono. Usiufute.

Baba yako, na wa Yahya